Nani Alipima Joto la Mawe Yaliyo Chini ya Bulyaga?

Chimba shimo Bulyaga, hapo Tukuyu mjini, na utakachotoa ni udongo laini wa volkano. Ndio unaostawisha migomba, chai na maparachichi ya Rungwe. Kwa hesabu za mawe, udongo huu ni mtoto mchanga. Mlima Rungwe ulilipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita, ukatapika mawe mepesi yenye matundu na majivu juu ya eneo kubwa. Jirani yake, Kyejo, ulitoa lava karibu mwaka 1800. Tarehe hiyo tunayo kwa sababu wazee walisimulia na wanajiolojia wakasikiliza.

Lakini chini ya blanketi hili la majivu na lava kuna kitu kingine kabisa. Kuna mawe magumu, yenye mistari mistari kama kitenge kilichokunjwa kikapigwa pasi vibaya. Hapo Bulyaga huyaoni. Nenda mashariki hadi kwenye ukingo wa milima ya Livingstone, au kusini magharibi kwenye vilima vya Ileje, au magharibi Mbozi, utayakuta yamejitokeza juani. Wataalamu huyaita naisi, na mengine granulaiti. Yako kwenye kundi la miamba geu, yaani miamba iliyozaliwa ikiwa kitu kimoja, kisha ikapikwa na kubanwa ndani ya dunia hadi ikawa kitu kingine.

Sasa wataalamu wanakuambia: jiwe hili lilipikwa kwa nyuzi 800 za sentigredi, kilomita 35 chini ya ardhi. Kilomita 35 ni kama nusu ya safari ya kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini, ila hapa huendi kwa basi, unakwenda wima kuelekea chini. Halafu wanaongeza kwamba hayo yalitokea kabla dunia haijawa na mnyama hata mmoja.

Mwandishi wa habari yeyote aliyefundwa vizuri atauliza swali moja: mlijuaje? Nani alikuwepo? Hakukuwa na kipimajoto wala mzee wa kusimulia kama wale wa Kyejo. Naam, historia ya jinsi swali hilo lilivyojibiwa ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo. Kwangu mimi ni historia ya namna ya kumhoji shahidi ambaye hawezi kusema.

NYUNDO NA DARUBINI

Walioanza kuziandika habari za mawe yetu kwa mtindo wa kisayansi walikuwa watu wa wakoloni. Mjerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka sehemu kubwa ya koloni lao miaka ya 1890 na mwaka 1900 akachapisha kitabu kinene juu ya sura ya nchi na jiolojia yake. Baadaye Waingereza walianzisha idara ya jiolojia na kuiweka Dodoma, miaka ya 1920. Mtu wa idara hiyo, D. A. Harkin, ndiye aliyeandika taarifa kubwa juu ya volkano za Rungwe, iliyochapishwa mwaka 1960.

Hawa walikuwa na nyundo, dira, miguu yenye nguvu na darubini. Kwa vifaa hivyo waliweza kusema: hili ni naisi, lile ni lava, hili liko chini ya lile kwa hiyo ni la zamani zaidi. Hawakuweza kusema nyuzi ngapi wala kilomita ngapi. Walijua jiwe limepikwa. Ukali wa moto hawakuujua.

Huko Ulaya nako walikuwa wanahangaika na swali hilo hilo. Mwaka 1893 George Barrow, aliyekuwa akichora ramani katika nyanda za juu za Scotland, alionyesha kwamba ukitembea kuelekea upande mmoja, madini ndani ya mawe yanabadilika kwa utaratibu maalumu. Unakutana na ganeti, mbele kidogo kayanaiti, mbele zaidi silimanaiti. Alielewa kwamba anatembea kuelekea kulikokuwa na joto zaidi. Mwaka 1915 Pentti Eskola wa Finland akaongeza hoja nzito: mawe yenye viungo vile vile yakipikwa katika joto na mgandamizo ule ule yatatoa madini yale yale, iwe Finland au popote. Kwa hiyo madini ni kumbukumbu ya jiko.

Fikiria yai. Ukikuta yai limechemshwa, hata kama limepoa kabisa, unajua lilipita kwenye maji ya moto. Halirudi kuwa bichi. Jiwe nalo likishapikwa chini huko kisha likapandishwa juu, mara nyingi halirudi lilikotoka. Granulaiti hasa ni mawe makavu, maji yake yalishafukuzwa na moto, na pasipo maji madini hubadilika kwa uvivu mno. Ndiyo maana jiwe la miaka bilioni mbili bado linabeba sura ya moto ambao umezimika zamani sana.

UGOMVI WA NYUZI 120

Haya. Yai linakuambia limechemka, lakini halikuambii kama maji yalikuwa nyuzi 90 au 100. Ili kupata namba ilibidi watu wajenge jiko lao wenyewe. Katika karne ya 20 maabara za Marekani na Ulaya zilianza kuchukua unga wa madini, kuufungia ndani ya vyuma, kuubana kwa nguvu za kutisha na kuupasha moto kwa siku au wiki kadhaa, kisha kuangalia umegeuka nini. Mwaka 1940 Norman Bowen, aliyepata kufanya kazi kwa miaka mingi katika maabara ya Carnegie mjini Washington, alipendekeza kichorwe kitu kama ramani ya mistari: upande mmoja joto, upande mwingine mgandamizo, na kila mstari ukionyesha mahali ambapo madini fulani yanafia na mengine yanazaliwa.

Wazo zuri. Kulitekeleza kukawa shughuli.

Kuna madini matatu yenye viungo vile vile kabisa: andalusaiti, kayanaiti na silimanaiti. Tofauti yao ni namna tu atomu zilivyopangwa. Kayanaiti hupenda kubanwa, silimanaiti hupenda moto, andalusaiti hupenda maisha mepesi karibu na juu. Kuna nukta moja tu ya joto na mgandamizo ambapo yote matatu yanaweza kukaa pamoja kwa amani. Ukiijua nukta hiyo, una msumari wa kutundikia ramani nzima.

Mwaka 1969 Richardson, Gilbert na Bell walitangaza kwamba nukta hiyo iko nyuzi 622, mgandamizo kilobari 5.5. Mwaka 1971 Holdaway akasema hapana, ni karibu nyuzi 500 na kilobari 3.8. Kilobari moja ni kama mara elfu ya mgandamizo wa hewa tunayovuta pwani, na inalingana na kina cha takriban kilomita 3.5 za mwamba. Kwa hiyo watu wenye vifaa bora na nia njema walipishana kwa nyuzi 120 na kwa kina cha kilomita sita. Jiwe lile lile lingepewa historia mbili kulingana na meza ya nani umeifungua.

Ugomvi huo ulidumu miaka. Kilichousogeza mbele ni majaribio kurudiwa, sampuli kuangaliwa upya kama zilikuwa safi, na vipimo vingine visivyotegemea jaribio lile lile. Hatimaye wengi waliegemea karibu na namba ya Holdaway. Tuliozoea kusoma "wanasayansi wamethibitisha" katika magazeti yetu tunaweza kujifunza kitu hapo.

GANETI NA MIKA WANAGAWANA MALI

Mapinduzi yenyewe yalikuja na mashine. Mfaransa Raimond Castaing alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1951 jinsi ya kupiga mwale mwembamba wa elektroni juu ya jiwe na kujua viungo vya nukta ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kabla ya hapo ulilazimika kusaga madini na kuyapima kwa jumla. Sasa ungeweza kupima katikati ya punje ya ganeti, kisha ukingo wake, kisha mika iliyoigusa.

Mwaka 1978 John Ferry na Frank Spear walichapisha kipimajoto ambacho hadi leo kila mwanafunzi wa fani hii hukutana nacho. Kinafanya kazi hivi. Ganeti, lile dini jekundu ambalo wachimbaji wetu wa vito wanalijua vizuri, na mika nyeusi, vyote viwili hupokea chuma na magnesiamu. Vikikaa pamoja kwenye moto, hugawana. Moto ukiwa mkali, ganeti hukubali kuchukua magnesiamu zaidi. Moto ukipungua, magnesiamu huhamia kwenye mika na chuma huhamia kwenye ganeti. Ferry na Spear walipima mgawanyo huo maabara kati ya nyuzi 550 na 800. Ukija na jiwe lako, ukapima nani ana nini, unaweza kurudi nyuma hadi kwenye joto.

Mgandamizo nao ukapata kipimo chake. Kuna dini jeupe liitwalo plajioklesi ambalo hutanua miguu, linachukua nafasi kubwa. Likibanwa sana huvunjika, na kalisi yake huingia ndani ya ganeti, ambalo limejipanga kwa kubanana. Hivyo kalisi nyingi ndani ya ganeti, penye madini mengine yanayotakiwa kuwepo, ni dalili ya kina kikubwa. Ukizidisha mgandamizo zaidi, plajioklesi hutoweka kabisa na jiwe linabaki jekundu na kijani. Hilo huitwa eklojaiti. Likumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Tanzania iliingia mapema katika kazi hii. Mwaka 1980 Mholanzi aitwaye Coolen alichapisha mjini Amsterdam utafiti wake juu ya granulaiti za Furua, upande wa Mahenge. Alipata joto la karibu nyuzi 800 na kina cha kilomita 30 hivi. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuridhika na shahidi mmoja. Mwaka 1982 alichapisha ulinganisho wa njia mbili: kemia ya madini kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine vipovu vidogo vya hewa ya kaboni vilivyonaswa ndani ya madini, ambavyo ujazo wake hubeba kumbukumbu ya mgandamizo. Sisi kwenye vyumba vya habari tunasema chanzo kimoja hakitoshi. Kumbe na mawe ni hivyo hivyo.

SHAHIDI ANAYESAHAU KILELE

Kuna mtego, na ndio uliobadilisha historia hii nzima.

Ule mgawanyo wa magnesiamu kati ya ganeti na mika hausimami jiwe linapofikia moto mkali kabisa. Jiwe likianza kupoa polepole, kwa mamilioni ya miaka, majirani hawa wawili wanaendelea kubadilishana mali kupitia kingo zao hadi baridi iwazuie. Kwa hiyo ukipima ukingo, unapata nyuzi za siku walipoacha kubadilishana. Unaweza kusoma 650 kwenye jiwe lililofika 800. Namba si ya uongo, ila inajibu swali ambalo hukuuliza.

Ndiyo maana wapimaji makini hupima katikati ya ganeti kubwa, hulinganisha na kingo, hutafuta madini madogo yaliyomezwa ndani ya ganeti kabla ya kilele, na huandika kando ya namba yao posho ya makosa: kwa kawaida kama nyuzi 50 juu au chini, na kilobari moja juu au chini. Kilobari moja, kumbukeni, ni kilomita tatu na nusu.

Lakini ukipima hatua zote hizo, mwanzo, kilele na kupoa, unapata kitu bora kuliko namba moja. Unapata safari. Jiwe lilishuka vipi, likapashwa vipi, likapanda vipi. Na safari ndiyo inayoeleza sababu.

Mfano mzuri uko kwetu. Mwaka 1998 Appel, Möller na Schenk, kutoka Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, walichapisha vipimo vya granulaiti za mashariki mwa Tanzania, zile za ukanda wa Pare, Usambara na Uluguru. Kilele kilikuwa takriban nyuzi 810, kilobari 9.5 hadi 11, miaka kama milioni 640 iliyopita. Hadi hapo, wengi wangesema: mabara mawili yaligongana, kama India na Asia zilivyozaa Himalaya. Lakini safari ya mawe haya ilionyesha kwamba baada ya kilele yalipoa yakiwa bado kule kule chini. Milima ya mgongano kwa kawaida hunyanyua mawe yake yakiwa bado ya moto. Wao wakasema mgongano hautoshi kueleza, huenda magma nyingi iliingia chini ya bara na kulipasha. Wengine wamebishana nao. Lakini mjadala ulihamia kwenye ushahidi unaopimika.

Miaka mitatu kabla, mwaka 1995, Möller na wenzake walikuwa wameshatikisa jambo jingine. Katika ukanda wa Usagara, upande wa Isimani mkoani Iringa, walipima eklojaiti: kama nyuzi 750, kilobari 18. Hicho ni kina cha zaidi ya kilomita 60. Sasa safari yetu ya wima imekaribia Mbeya mjini. Umri: takriban miaka bilioni mbili. Jiwe la namna hiyo huzaliwa pale bamba la sakafu ya bahari linapozama chini ya bara. Wakati ule wengi walitilia shaka kama dunia changa ilikuwa na mabamba yanayozama kama leo. Kilima kimoja cha Tanzania kikatoa ushahidi kwamba yalikuwepo.

TURUDI UPANDE WETU

Mawe yaliyo karibu na Tukuyu ni ya ukanda wa Ubende, unaotoka Ziwa Tanganyika kupita Ufipa na Mbozi hadi kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mwaka 1988 Daly aliugawa katika vipande vinane, kila kimoja na tabia yake: Ubende, Wakole, Katuma, Ufipa, Mbozi, Lupa, Upangwa na Nyika. Mwaka 1997 Uwe Ring na wenzake walipima na kutarehesha granulaiti za ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Malawi, nazo zikaonekana kuwa za karibu miaka bilioni mbili. Kwa muda mrefu hadithi ilikuwa fupi: ukanda huu ulipikwa mara moja zamani zile, kisha baadaye ukawa unateleza tu kwenye nyufa zake.

Aliyeivuruga hadithi hiyo ni Mtanzania, Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya uzamivu wake huko huko Kiel. Mwaka 2012, pamoja na Schenk na Appel, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ukanda huu ulipikwa mara tatu. Kwanza, kati ya takriban miaka bilioni 1.9 na 1.86 iliyopita, kukiwa na eklojaiti zenye kemia ya sakafu ya bahari. Pili, kama miaka bilioni 1.1 iliyopita. Tatu, kati ya miaka milioni 590 na 520 hivi, kukiwa na eklojaiti nyingine, Ufipa.

Unaona uzito wake? Eklojaiti za mara ya tatu zina maana kwamba bahari ilikuwa ikifungwa hapo, kati ya Tanzania ya leo na bamba la Bangweulu upande wa Zambia. Yaani ardhi tunayodhani ni kitu kimoja tangu kuumbwa ilishonwa, na uzi wa kushonea ulipita Ufipa. Mtu aliyepima joto na kina bila umri angeweza kuzichanganya eklojaiti hizi na zile za zamani, akaandika hadithi ya moto mmoja. Aliyepima umri peke yake asingejua kwamba kulikuwa na bahari. Ilibidi mashahidi wote wasimame kizimbani siku moja.

Na msidhani haya ni mambo ya maabara tu. Kati ya vile vipande vinane kuna Lupa, Chunya. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920, na miaka ya 1930 vijana wengi wa Kinyakyusa waliondoka Rungwe kwenda huko kutafuta ujira. Fedha za kodi, ng'ombe wa mahari, nguo za kwanza za dukani, vingi vilitoka kwenye mashimo yale. Tafiti za miaka ya 2010 zimetarehesha madini yaliyoandamana na dhahabu hiyo kuwa ya takriban miaka bilioni 1.88. Linganisheni na moto wa kwanza wa Ubende hapo juu. Wakati sakafu ya bahari ilipokuwa inazama upande mmoja, dhahabu ilikuwa inatua kwenye nyufa upande wa pili. Babu aliyetembea kwa miguu kutoka Bulyaga hadi Chunya alikuwa anafuata tukio la mapishi yale yale.

Kinachonisumbua ni kitu kimoja. Angalieni majina na miji niliyotaja: Amsterdam, Kiel, Washington. Mawe ni yetu, mashine zilikuwa zao, na makala nyingi ziko kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mwalimu wa sekondari pale Tukuyu hawezi kuyalipia. Jina la Boniface linaonyesha kwamba hali inabadilika. Lakini mwanafunzi wa Rungwe bado anasoma juu ya Himalaya kabla ya kuambiwa kwamba nyuma ya shule yake kuna mzizi wa milima iliyokufa.

Kwa hiyo safari nyingine mtu akikuambia jiwe lilipikwa kwa nyuzi 800, usimkatalie na usimmezee. Muulize nyuzi 800 za saa ngapi, za kilele au za kupoa. Muulize umri umepimwa kwenye dini gani. Muulize juu au chini kwa ngapi, na shahidi wa pili ni nani. Mwenye namba ya kweli hatachukia maswali hayo. Atavuta kiti.